Kanuni ya nyoka wa kigeni iandikwe sasa, kabla nyoka mwenyewe hajashuka bandarini

Mhariri, assalaam alaykum.

Naomba nafasi kwenye gazeti lako na naomba barua yangu usiikate sana maana jambo lenyewe ni refu. Kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Unguja watu wamekuwa wakirushiana video za Florida kule Marekani, chatu mkubwa anavutwa kutoka majanini na watu watatu, na chini ya video mabishano hayaishi, huyu anasema serikali ipige marufuku nyoka wote wanaoingizwa nchini, yule anasema waacheni watu na biashara zao, Zanzibar hatuna nyoka wa kigeni, kwa nini tutunge sheria ya kitu ambacho hakipo. Mie kazi yangu ni uwakala wa forodha, natoa mizigo ya watu bandarini Malindi, na nilichonacho cha kusema ni kimoja tu: kwa nchi ya visiwa kama yetu kanuni hii inatakiwa iandikwe wakati nyoka hayupo, kwa sababu akishakuwepo na akishaanza kuzaliana hakuna karatasi itakayomtoa.

Tuanze na hao Florida wenyewe. Wale ni chatu wa Burma, asili yao Asia ya Kusini-Mashariki, walipelekwa Marekani kuuzwa kama wanyama wa kufuga majumbani. Mtoto wake akinunuliwa dukani ni mdogo anakaa kwenye kiboksi, baada ya miaka michache keshapita mita tatu anataka sungura mzima, mwenye nyumba kachoka naye, anampakia kwenye gari usiku anakwenda kumwacha kwenye mabwawa. Wengine walitoroka wenyewe, na kimbunga Andrew cha mwaka 1992 kilibomoa mpaka sehemu waliyokuwa wakizalishwa. Kwenye hifadhi ya Everglades, ambayo ni maji na majani mpaka jicho linachoka, wa kwanza alionekana 1979 lakini ilikuwa 2000 ndipo wataalamu wakakubali rasmi kwamba hawa wanazaliana porini. Serikali kuu ya Marekani ikaja kuwaweka kwenye orodha ya wanyama wa madhara wasioruhusiwa kuingizwa nchini Januari 2012. Yaani miaka kumi na mbili nzima watu wanajua na mlango uko wazi.

Mwezi huohuo ikatoka kazi ya watafiti waliolinganisha wanyama waliokuwa wakionekana usiku barabarani zamani na waliokuwa wakionekana baada ya chatu kuenea, rakuni walipungua kwa asilimia 99.3, oposamu asilimia 98.9, paka mwitu wa kule asilimia 87.5. Sungura wa mabwawani walirudishwa baadhi kwa majaribio wakiwa wamefungwa vidude vya redio ili wafuatiliwe, matokeo yakatoka 2015 kwamba katika waliokufa asilimia 77 waliliwa na chatu. Wamarekani wameanzisha mashindano ya kuwakamata tangu 2013, tangu 2017 wanalipa watu kwa saa kuzunguka usiku na taa, wameshatoa zaidi ya nyoka 20,000, na mwaka 2023 taasisi yao ya utafiti wa kijiolojia ikatoa ripoti inayosema wazi kwamba kwa zana zilizopo sasa kuwamaliza eneo lote haiwezekani. Hiyo ni nchi yenye helikopta na fedha. Sisi mpaka kunguru wametushinda, nitakuja huko.

Sasa wenye kupinga sheria, tuwasikilize maana sio wajinga. Kule Marekani wapo watu wanaofuga na kuzalisha nyoka miaka mingi, ni riziki yao, wana chama chao kinaitwa USARK, na hoja yao ilikuwa kwamba chatu hawezi kuishi kwenye baridi, tatizo lipo kusini mwa Florida tu, kwa nini mtu aliye mbali kaskazini kwenye theluji azuiwe kumpelekea mteja wake nyoka jimbo la pili. Wataalamu wenyewe walibishana, 2008 kuna walioonesha ramani kwamba karibu theluthi ya Marekani hali yake ya hewa inamfaa chatu, na mwaka huohuo wengine wakasema hapana, ni kusini mwa Florida. Baridi kali ya Januari 2010 iliua chatu wengi kweli. Alafu kwenye orodha ya 2012 wakawekwa aina nne, 2015 wakaongezwa wengine wanne, nyoka mkubwa mwingine anayeitwa boa akaachwa nje, na 2017 mahakama ya rufaa ya Washington ikasema sheria ile kongwe, Lacey Act ya mwaka 1900, haiipi serikali mamlaka ya kuzuia nyoka hao wasisafirishwe baina ya majimbo ya bara, inazuia kuwaingiza kutoka nje.

Hoja ya baridi naiheshimu, lakini nani hapa kwetu atasimama aitumie? Zanzibar hakuna theluji ya kutusaidia. Nyoka yeyote wa nchi za joto atakayeshuka Malindi au bandari ya Mkoani kule Pemba atakuta joto analolijua, mvua za masika na vuli, panya wa kumtosha na mabonde ya mpunga yaliyojaa vyura. Na ile hukumu ya 2017 inatufundisha kitu kingine kabisa, kwamba kanuni ikizungumzia mlango wa nje tu, ndani vitu vinazunguka bila wa kuuliza. Kwetu maana yake ni Unguja na Pemba. Kanuni yoyote itakayoandikwa iseme waziwazi kwamba mnyama kutoka Unguja kwenda Pemba na kutoka Pemba kuja Unguja naye anahitaji kibali, sio kwa sababu ya siasa, ni kwa sababu ni visiwa viwili tofauti na bahari yenye kina kikubwa katikati na viumbe vyake ni tofauti.

Na hapa kuna jambo sijaona mtu analisema kwenye hayo magrupu. Katika wale nyoka wanne wa 2012 yupo chatu wa kusini mwa Afrika, ndiye huyuhuyu chatu wetu. Na ndugu yake wa Afrika ya magharibi na kati keshajijenga kwenye sehemu ndogo ya magharibi ya Miami. Kwa hiyo mnyama ambaye huku ni wa asili, mkulima wa mpunga akimuona anajua panya watapungua, kule ni balaa. Nyoka hana kosa. Kosa ni mtu kumhamisha. Nalisisitiza hili kwa sababu nawajua watu wetu, mtu atasoma barua hii kesho atachukua panga akaue kila ukukwi anayemuona kwenye mpera. Tafadhali msifanye hivyo, hao ni wetu, wamekuwepo kabla yetu na kazi yao wanaifanya.

Mfano ambao unatuhusu zaidi kuliko Florida ni Guam. Guam ni kisiwa cha Marekani kwenye bahari ya Pasifiki, ukubwa wake ni kama nusu ya Pemba. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, meli za jeshi zikirudisha vifaa kutoka visiwa vya upande wa Papua New Guinea, ndani ya mizigo akaingia nyoka wa kahawia anayeishi mitini, mwembamba, anatembea usiku. Hakuna aliyemleta makusudi, hakuna aliyemnunua, alikuja kama mzigo ndani ya mzigo. Watu wakaanza kuona ndege wanapungua, mmoja akasema ni dawa za wadudu, mwingine akasema ni maradhi, miaka ikapita, mpaka mtafiti Julie Savidge akaja kuonesha kwenye kazi yake ya mwaka 1987 kwamba ni yule nyoka. Kati ya aina 12 za ndege wa asili wa msituni, 10 walitoweka kisiwani. Msitu umebaki kimya, buibui wameongezeka ajabu kwa sababu wa kuwala hayupo, na miti imekosa wa kusambaza mbegu zake. Watoto wa popo nao wanaliwa.

Msomaji wa Pemba asimame hapo kwenye popo. Popo wa Pemba hapatikani pengine popote duniani, mwishoni mwa miaka ya themanini walikuwa wamebaki wachache wa kutisha, na wamerudi kuwa maelfu kwa sababu watu wa vijiji kama Kidike walikubali kuacha kuwawinda na kuwalinda mitini mwao. Pemba ina ninga wake, chozi wake, bundi wake mdogo na yule ndege mdogo mwenye duara jeupe jichoni, wote wanne ni wa Pemba tu. Hawa ndege wamezoea adui zao wa hapo walipo. Nyoka mgeni anayepanda mti usiku na kuingia kwenye kiota hawana habari naye. Kazi yote ile ya wanakijiji inaweza kuliwa bila mtu kusikia mlio.

Na kwa wasiojali ndege, kuna umeme. Yule nyoka wa Guam anapanda nguzo na kuingia kwenye mitambo, zimeandikwa hitilafu zaidi ya 1,600 za umeme zilizosababishwa naye kati ya 1978 na 1997. Sisi tuliokaa gizani Unguja miezi mitatu kuanzia Desemba 2009 kwa hitilafu kwenye waya mmoja wa baharini, maji ya kununua kwa ndoo, samaki wanaoza, mashine za kusaga hazifanyi kazi, hatuhitaji kuelezewa maana yake.

Leo Guam wanafanya nini? Wana mbwa wadogo waliofundishwa wanaonusa kila mzigo unaotoka kisiwani ili nyoka asipelekwe visiwa vingine. Wanadondosha panya waliokufa kwa helikopta, kila panya katiwa miligramu 80 za parasetamoli, hii hii dawa tunayomeza kichwa kikiuma, na kaning'inizwa kwenye kikaratasi kama parashuti ili anase mitini, nyoka akila anakufa. Ubunifu mkubwa, na bado nyoka wapo. Ndege mmoja wa kule asiyeruka, wanamwita ko'ko', amelelewa kwenye vizimba miaka na miaka na kaenda kuachiwa visiwa vya jirani vya Rota na Cocos kwa sababu kwao hapakaliki.

Kunguru sasa. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 wakati wa utawala wa Kiingereza, ili wale takataka za mji. Takataka hawakuzimaliza, wakamaliza makinda na mayai ya ndege wengine, vifaranga vya kuku wa bibi zetu, na wakavuka bahari wakaenea pwani yote mpaka Kenya. Miaka ya 1990 ulifanyika mradi wa kuwapunguza kwa sumu, wakapungua kweli, mradi ukasimama wakarudi. Kila anayeniambia eti mnyama mgeni mmoja ataleta madhara gani namwambia atoke nje atazame juu ya paa lake. Na kunguru anaonekana, anapiga kelele, yupo mchana kweupe. Nyoka wa usiku utamjua lini?

Sasa nije kwenye kazi yangu, maana huku ndiko ninakokujua. Watu wakisikia nyoka wa kigeni wanafikiria mtu kamleta kwenye begi. Mie naogopa zaidi miti ya mapambo. Hoteli zinazojengwa huko mashamba, kaskazini na mashariki, zinataka bustani iwe tayari siku ya kufungua, hazisubiri mche ukue, kwa hiyo mti unaletwa mzima, mkubwa, mizizi yake na udongo wake imefungwa kwenye magunia. Mwaka jana nilitoa mzigo kama huo, mipalmu ya mapambo iliyosafiri kwenye konteina. Mlango ulipofunguliwa joto na harufu ya udongo uliochacha vikatupiga usoni, wachukuzi wakaanza kuteremsha, mmoja akashika shina sehemu ambayo makuti ya zamani yamekatwa yakaacha mianya, wakachomoka mijusi kafiri watatu wanne wakakimbilia chini ya lori, akaruka chura, na kwenye mwanya uleule lilikuwa limenasa gamba la nyoka, limejivuliwa zima, jepesi, ukilishika linalia kama karatasi ya pipi. Wachukuzi waliacha kazi wakasimama mbali. Mwenye gamba hatukumuona. Labda alijivua huko ulikotoka mti, labda aliteremka hapa bandarini, mti ule ulikuwa mrefu na mianya mingi. Fomu iliyotakiwa ijazwe inauliza wadudu waharibifu, inauliza maradhi ya mimea, yote yakakaguliwa na yakawa safi, hakuna mstari unaouliza mnyama yeyote mwenye uti wa mgongo. Lori likaondoka na karatasi zote ziko sawa kisheria, na hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Sio hofu yangu peke yangu. Ibiza, kisiwa cha Hispania ambacho nacho kinaishi kwa utalii kama sisi, hakikuwa na nyoka kabisa. Wakaanza kuleta mizeituni mikongwe kutoka bara kwa ajili ya kupamba majumba na mahoteli, mashina yake yana mapango, na nyoka walikuwa wamelala humo. Waligunduliwa 2003, na sasa mjusi wa rangi wa kisiwa hicho, ambaye watalii wanamnunua mpaka kwenye fulana, ametoweka sehemu kubwa walizofika hao nyoka. Gran Canaria nako nyoka wa California waliofugwa majumbani walitoroka wakaenea, Umoja wa Ulaya ukaja kuwaweka kwenye orodha yake ya viumbe vamizi, yaani wageni wanaoharibu, 2022, wakati mijusi wakubwa wa kule wameshaliwa.

Kuna mwenzangu bandarini aliniambia mbona kuna CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, inatosha. Haitoshi ndugu yangu. CITES inamuangalia mnyama asimalizwe huko anakotoka, chatu wote wamo, lakini haiulizi hata mara moja kwamba akifika kisiwani kwako atafanya nini. Karatasi ya CITES inaweza kuwa halali kabisa na mnyama akawa ndiye atakayekumalizia ndege.

Ninachoomba kwa wizara zinazohusika na misitu, kilimo na mazingira, na kwa waheshimiwa wa Baraza la Wawakilishi, ni kwamba tusifuate njia ya Wamarekani ya kutaja mmojammoja huyu hatari huyu sio, maana wao wameandika wanane na biashara inahamia kwa wa tisa. Tugeuze. Iandikwe orodha fupi ya wanyama hai wanaoruhusiwa kuingia, na ambaye hayumo haingii mpaka mwenye kumtaka alete ushahidi kwamba hana madhara, gharama za ushahidi azilipe yeye. Sisi ni wadogo, hatuna wafugaji maelfu wa kugombana nao mahakamani, ndio maana sasa hivi kazi hii ni rahisi.

Miti mizima yenye udongo, mimi ningesema izuiwe kabisa ile yenye mashina ya mianya na mapango, wenye hoteli wakanunue miche kwenye vitalu vyetu, wapo vijana Bambi na Kizimbani wanaotesha miti na hawana soko. Kama hilo ni zito, basi mti ukae kwenye uwanja uliozungushiwa ukuta laini usiopandika, ukaguliwe usiku na tochi, wakaguzi wafundishwe, na mbwa mmoja wa kunusa sio jambo la kushindikana. Mzigo utachelewa, najua, mteja atanipigia simu usiku na mchana, na mimi ndiye nitakayetukanwa. Sawa tu.

Na kwa wale ambao pengine tayari wana nyoka wa nje majumbani au wa kuonesha watalii, wasitishwe. Ukimtisha mtu atamtupa usiku msituni na hapo umetengeneza tatizo lenyewe. Florida wana utaratibu tangu 2006, mtu anarudisha mnyama haulizwi kitu wala hatozwi faini, anatafutiwa mlezi mwingine. Wapewe muda wa kuandikisha kwa sheha au kurudisha bila adhabu, baada ya hapo ndio sheria ichukue mkondo. Wanaoonesha watalii nyoka wa hapahapa Zanzibar mimi sina ugomvi nao, wanafundisha watu wasiwaue.

Mawakala kadhaa wa pale Malindi tumeshazungumza, tupo tayari kukaa na wizara na kueleza konteina zinavyofunguliwa na wapi mnyama anaweza kupita, kwa sababu kanuni ikiandikwa ofisini bila mtu wa bandarini itaacha mianya kama ile ya kwenye shina. Mwezi ujao nina mzigo mwingine wa miti kutoka nje. Naomba yeyote mwenye mamlaka anijibu kupitia gazeti hili, nikikuta tena kitu kama kile nimuite nani, na lori nilizuie kwa sheria ipi.

Wakala wa forodha,
Malindi, Unguja